Almasi ya Kunolea

Neema na Shija, mimi nimestaafu. Mnaweza kucheka. Mzee Luhende alicheka mpaka akatafuta kigoda akakaa. Watu hustaafu wakiwa na mvi na mkongojo, mimi nimestaafu kabla ya kuoa. Daktari aliweka kile chombo chake baridi mgongoni mwangu, akasikiliza, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nakereza mbao. Akasema, "Ulikuwa unakereza." Kwa hiyo kifua changu na vumbi la mbao wameachana, na mimi nimefuata kifua.

Mzee huyo, mwalimu wangu, ambaye alikuwa na watoto wakubwa mimi nikiwa sijazaliwa, bado yuko kwenye mashine ya kukereza. Ndiye aliyeniambia niandike haya. "Wewe kusema huwezi," alisema. "Andika, hawa wanafunzi wangu waliobaki wasome." Kuandika naweza, ila polepole. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu yangu kubwa imekuwa ile penseli nene ya kuchorea mbao. Mkiona sentensi fupi, jueni nilikuwa napumzika.

Siku yangu ya kwanza Tinde nilisimama nje ya karakana tangu asubuhi, nikiogopa kubisha hodi. Kivuli cha mwarobaini kikanihama, nikabaki juani. Mwishowe Mzee Luhende akatoka, vumbi jeupe kwenye nyusi, akanitazama.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe ni mteja au nguzo?"

Nilipoogopa siku zile nilikuwa narudia tu neno la mwisho nililosikia. Nikajibu, "Nguzo."

"Basi ingia ushikilie paa," akasema.

Ndivyo nilivyopata kazi, na ndivyo nilivyopata jina. Mpaka leo madereva wa malori wanaosimama pale njia panda wananiita Nguzo, na wengine wanadhani ndilo la ubatizo.

Kazi zetu mnazijua: vyungu vidogo vya maua ya plastiki, vinu vya mezani vyenye michi yake, vikasha vya mviringo vya kuwekea hereni. Vitu visivyo na kazi, kama asemavyo jirani yetu mwenye mashine ya kusaga. Mzee humjibu kwamba unga huliwa ukaisha, lakini chungu cha mti kitamzika mwenyewe na kubaki kabatini kikimcheka.

Mzee alinifundisha kwa patasi zake za zamani, zilizofuliwa kutokana na springi za gari. Patasi ya namna hiyo unailaza mgongo wake juu ya mti kwanza, inateleza bila kukata, kisha unainua mpini taratibu mpaka mdomo uanze kula. "Ng'ombe hukunja miguu kwanza ndipo alale," Mzee alikuwa akisema. "Hajitupi." Mimi nilijitupa. Bakuli langu la kwanza liling'atwa na patasi, likatoka kwenye mashine, likapita dirishani, likatua katika beseni la unga la mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya kusaga. Mama yule alilirudisha mwenyewe, uso mweupe kama wa Mzee.

"Luhende, sikuagiza bakuli," alisema.

"Chukua tu, ni zawadi."

"Lina ufa."

"Ndiyo maana ni zawadi."

Kabaidi iliingia kwa mlango wa bahati. Siku moja basi la Geita liliharibika mbele yetu, abiria wakatawanyika kutafuta chai. Mmoja wao alikuja kuchungulia. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma, mtu mnene mwenye makovu madogo ya cheche mikononi. Alinitazama nikipigana na sehemu ya ndani ya kikasha, patasi ikiruka kila mara, akatikisa kichwa kama daktari. Akatoa mfukoni kipande cha mraba, kidogo kuliko kifungo cha koti, chenye tundu katikati.

"Hii ni kabaidi," alisema. "Sisi tunakatia chuma. Mti kwake ni uji. Ifunge kwa skrubu kwenye ncha ya nondo ya mraba, shika nondo hiyo sawasawa, usiiinue wala usiilaze. Ikichoka upande mmoja, legeza skrubu, igeuze. Ina pande nne."

Mzee Luhende alikiweka kile kipande kiganjani. "Jino la maziwa," akasema, akanirudishia.

Lakini jino lile lilikuwa linakula. Nililitengenezea mpini mrefu wa mgunga, wa kubana kwapani. Mnalijua, ndilo mnaloliita Babu. Yote ambayo patasi ya Mzee ilidai miaka ya mkono kuyajua, Babu aliyafanya kwa masharti machache: egemeo, kile chuma cha kulazia chombo mbele ya mti, liwe juu kidogo, ncha ifike katikati ya mti, nondo ilale sawa na sakafu, na uguse kidogo kidogo. Alama zake ni mbaya kidogo kuliko za patasi, hilo nakiri, na msasa utafanya kazi zaidi. Mzee alikuwa akipitisha kidole kwenye vyungu vyangu na kusema, "Huyu kanyolewa na kiwembe cha kuazima."

Miaka miwili ikapita hivyo, yeye na patasi zake, mimi na jino langu. Kisha mikono ya Mzee ikaanza kutetemeka. Kwanza aliificha kwa kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama mtu wa baridi, hapa Shinyanga, mwezi wa Oktoba. Halafu patasi yake ikaung'ata mti mara moja, na mara nyingine, yeye ambaye sikuwahi kumwona aking'atwa. Siku moja alizima mashine, akafuta patasi zote kwa mafuta, akazifunga kwenye gunia.

"Mikono yangu imejiunga na ngoma bila kuniaga," alisema. "Nguzo, mimi nimekwisha."

Habari hizo zilifika Segese kabla hazijapoa. Segese ndiko wanakochimba dhahabu na kusaga mawe yake kwenye karasha, na karasha inataka mota. Yetu ilikuwa mota ya zamani, nzito, isiyokata tamaa. Bwana mmoja aitwaye Masanja akaanza kuja na pikipiki. Alikuwa akiipapasa mota ile ubavuni na kurudi nyuma kuitazama, kama mnunuzi mnadani mbele ya dume.

"Mzee, mota hii inalia njaa," alisema. "Imechoka kula maua. Inataka mawe."

"Haijaniambia," Mzee alijibu.

"Inakuogopa. Mimi imeninong'oneza."

Nilicheka, halafu nikaacha. Bila mota, mashine yetu ni meza yenye kelele za zamani. Mzee angekwenda kukaa kwa mwanawe Mwanza, kwenye chumba cha ghorofani kisicho na mti hata wa kuegemea, na mimi ningerudi kusimama nje ya milango ya watu.

Wakati huohuo ikaja kazi kubwa. Mama Zehra, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Shinyanga, alikuwa anamwoza binti yake. Kwao kila mgeni wa harusi hupewa kitu kitamu cha kwenda nacho nyumbani, na Mama Zehra alitaka lozi na peremende zake ziwe ndani ya vikasha vidogo vya mti, vyenye mfuniko unaofunga kwa sauti. Alifika mwenyewe, akafungua na kufunga kikasha cha mfano mara nyingi, akisikiliza ile pop.

"Themanini," alisema. "Vyote viseme hivi hivi. Mfuniko wa bubu sitaki."

Mzee alimtazama Masanja, ambaye siku hiyo pia alikuwapo akipapasa. "Nguzo akivimaliza kabla ya harusi, mota inabaki," alisema. "Akishindwa, njoo na kamba."

"Kamba ninayo kwenye pikipiki," alisema Masanja.

Nilianza vizuri. Mbao nilipata kwa ruhusa ya wazee wa ngitili, ule msitu wa hifadhi wa kijiji, magogo makavu yaliyoanguka yenyewe. Hapa ndipo penye somo, tafadhali someni mara mbili. Gogo lililolala chini miaka linakuwa na mchanga kwenye magome, na mchanga ni adui wa kila kitu chenye mdomo. Likwangueni kwa panga na brashi ya waya kabla halijapanda kwenye mashine. Mimi nilikuwa na haraka. Babu alikula magome na mchanga wake, upande wa kwanza ukafa, nikageuza. Wa pili ukafa. Wa tatu, wa nne. Vikasha havijafika nusu, na jino langu lilikuwa linasugua mti badala ya kuukata, likitoa unga na moshi na harufu ya ugali ulioungua.

Nikampigia yule fundi wa Geita. Kule kwake mashine zilikuwa zinapiga kelele.

"Kabaidi imeisha makali," nilisema.

"Nini?"

"Makali!"

"Ah! Usiipeleke kwenye jiwe la kawaida, itakula jiwe! Kabaidi hainolewi na kitu chochote isipokuwa almasi! Almasi tu, umesikia? Unachukua ile..." Simu ikakatika.

Mtu mwingine angepiga tena. Mimi nilishapiga kelele mara moja siku hiyo, na nilihisi inatosha. Isitoshe, almasi najua zinakotoka. Kila mtoto wa Shinyanga anajua. Asubuhi nilivaa shati la kanisani, nikapanda gari la kwenda Maganzo.

Gari lilisimama Shinyanga mjini kupakia watu, mkabala na duka la Mama Zehra. Niliinama ili asinione na kuniuliza habari za vikasha.

Maganzo niliwakuta madalali wa almasi wamekaa kwenye benchi mbele ya mgahawa, kila mmoja na kile kioo kidogo cha kuchungulia kikining'inia shingoni. Niliwasalimia, nikasimama. Nadhani mnaweza kukisia nilivyosimama.

"Una mzigo?" akauliza mmoja mwenye kofia ya pama.

"Sina. Natafuta."

Benchi zima likanyooka. Mnunuzi! Nilivutiwa kiti, soda ikafunguliwa, mtu akafuta meza kwa mkono wa shati lake.

"Karibu, bosi. Unataka ya ukubwa gani?"

"Ndogo tu."

"Nyeupe? Ya rangi?"

"Hata mbaya."

Wakatazamana. Mwenye kofia akasogea, akashusha sauti. "Bosi, ya pete au ya kusafiri nayo?"

"Ya kunolea," nilisema.

"Ya kunolea nini?"

"Patasi."

Kisha kicheko kilianzia mwisho wa benchi kikaja hadi kwangu kama mbuzi wakiruka uzio. Mmoja alisema mimi ni polisi, na kwamba polisi siku hizi wanafundishwa uigizaji. Mwingine alisema hapana, huyu ni tajiri wa kweli, baba yake bila shaka analima kwa jembe la dhahabu. Wakaitana mpaka na mpishi atoke jikoni. "Njoo umwone anayenoa kisu kwa almasi!" Mpishi akatoka na kisu mkononi, akasema kama ziko mbili naye anaomba moja.

Nilitaka kuondoka, lakini soda ilikuwa imefunguliwa na nilikuwa sijui nani atailipa.

Mwenye kofia ya pama ndiye aliyepangusa machozi kwanza. "Kijana," alisema, "aliyekwambia hakukudanganya. Ila si jiwe zima. Kuna kibao cha chuma, kimepakwa unga wa almasi, hizi za kutengenezwa. Mafundi wa vigae wananolea vyombo vyao. Bei yake hata soda hiyo inaweza kukionea huruma."

"Kinapatikana wapi?"

"Maduka ya vifaa. Pale mjini, kwa Mama Zehra."

Wote waliona uso wangu, na kicheko kikaanza upya bila mimi kusema lolote.

Mama Zehra alikuwa nyuma ya kaunta na miwani yake. "Nguzo! Umeniletea vikasha?"

"Hapana, mama. Nimekuja kununua almasi."

Alivua miwani. Nikamweleza yote, Geita, simu, Maganzo, soda. Nadhani ilikuwa hotuba yangu ndefu kuliko zote, na niliitoa nikitazama misumari. Hakucheka mpaka nilipomaliza, jambo ambalo sitalisahau. Halafu alicheka kwa wote. Akavuta droo iliyokuwa chini ya mkono wake, akaweka kibao mbele yangu.

"Kimekaa hapa siku zote," alisema. "Ungeuliza tu, mwanangu."

Nilirudi Tinde jua likiwa bado juu. Masanja alikuwa amekaa kwenye pikipiki yake, kamba begani, anakula muwa. Nilimpa Mzee kibao, nikamwonyesha kama Mama Zehra alivyonionyesha: unafungua kijino kutoka kwenye nondo, unaweka tone la maji, unakilaza uso wake wa juu bapa juu ya kibao, unasugua. Hugusi kingo. Uso wa juu ukiisha kung'aa, kingo zote nne zimepata makali kwa pamoja.

Kidole changu kilikuwa kinateleza. Mzee akanipokonya. Akaweka kidole juu ya kile kipande, na mkono ukaanza kutetemeka kama kawaida yake, na kipande kikaanza kwenda huku na huku juu ya kibao, haraka, bapa, bila kuchoka. Tulitazama wote watatu. Mkono ule ulikuwa umepata kazi.

"Ngoma yenyewe ndiyo hii?" Mzee akauliza mkono wake.

Alipomaliza akakijaribu kwenye ukucha, kikakwangua. Akakifunga mwenyewe kwa skrubu. Nikawasha mota. Nilidhani atanipa nondo. Hakunipa. Aliubana ule mpini mrefu kwapani, akalaza nondo kwenye egemeo, akaegemeza mwili mzima. Mikono ilitetemeka, lakini safari hii haikuwa imeshika chombo peke yake. Mpini ulikuwa umeshikwa na ubavu, nondo imeshikwa na chuma, na kijino hakikuwa na mgongo wa kulazwa wala kuinuliwa. Maganda membamba yakaanza kuruka. Alichimba kikasha, akakereza mfuniko, akaupunguza kidogo, akaujaribu, akaupunguza tena.

Pop.

Akazima. Akapitisha kidole ndani, nikangoja aseme neno lake la kiwembe.

"Kimenyolewa vizuri," alisema. "Jino la maziwa limeota upya."

Masanja alitema kapi la muwa. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mota imeshiba," Mzee alisema, akamtupia kile kikasha. "Nenda nacho Segese. Ukipata dhahabu, weka humo. Usipopata, weka ugoro."

Masanja alikifungua, akakifunga, akakifungua. Aliondoka nacho, na kamba yake. Alirudi baadaye, bila kamba, kutaka kingine cha mkewe, kwa sababu ugoro ulikuwa umekizoea cha kwanza.

Tulivimaliza vya Mama Zehra, Mzee asubuhi na mimi mchana, tukipokezana jino moja. Siku ya kuvipeleka mama huyo alivifungua vyote, kimoja kimoja, sikio karibu. Hakukuwa na bubu.

Ndiyo maana Mzee yuko kazini na mimi nimestaafu. Nilimletea jino la kumbakiza, kisha kifua changu kikanitoa mimi. Ninyi vaeni barakoa. Mzee atawaambia vumbi ni baraka. Mwitikieni "ndiyo, babu," kisha vaeni.

Juzi, siku ya kuniaga, alinipa kipande cha kwanza cha kabaidi, kile cha Geita. Kimenolewa mpaka kimekuwa chembamba kama ganda la yai.

"Hiki kimeisha pande zote nne," alisema. "Wewe umeisha mmoja. Usiniletee uso wa msiba hapa."

Jumatatu naanza kazi kwa Mama Zehra, kaunta ya vyombo vya mafundi. Anasema anapenda mtu asiyepiga domo na wateja. Nimemwambia hofu yangu ni kuwakaribisha tu, yaani lile neno lenyewe. Basi leo mchana nimekwenda karakana kufanya mazoezi. Nilisimama mlangoni na barakoa yangu, mashine ikiunguruma, Shija akikereza, na nikawa nasema "karibuni" chini ya kelele hizo ambako hakuna anayesikia. Karibuni. Karibuni. Kila mara kwa nguvu zaidi kidogo, maana nilikuwa naanza kulipenda.

Mzee Luhende akanyoosha mkono wake unaotetemeka, akazima mota.

"KARIBUNI!" likatoka lote, mpaka barabarani.

Foleni ya kusaga ikageuka. Na kutoka juu ya lori lililokuwa linapita taratibu kwenye matuta, utingo akainua mkono, akajibu:

"Ahsante, Nguzo! Tukirudi!"